Otopailoti ya Boti: Anza na Silinda, Skrini Baadaye

Boti ikitoka Tanga alfajiri kwenda Pemba, saa ya kwanza haimchoshi nahodha. Pwani iko karibu, visiwa vidogo vinampa alama za kulengea, na upepo haujaamka. Kazi huanza nchi inapozama nyuma na Pemba haijatokeza mbele. Jua limemkabili usoni, chini ya mkuku kuna kina cha zaidi ya mita 800, na maji ya Mkondo wa Pemba yanaivuta boti kaskazini pasipo yeye kuhisi. Macho hushuka kwenye dira, na hayainuki tena. Omo imepotea nyuzi 5 kulia, anairudisha. Imepotea nyuzi 5 kushoto, anairudisha. Akikaa hivyo saa mbili, anafika ng'ambo mabega yamekufa ganzi na kichwa kizito, na huyo ndiye anayetakiwa sasa kuipenyeza boti yenye watu ndani kati ya miamba.

Hiyo ndiyo sababu wenye boti za wageni, za wapiga mbizi na za uvuvi wa michezo, kuanzia Malindi, Watamu na Shimoni hadi Nungwi, Pemba na Mafia, wanaulizia otopailoti, kifaa kinachoshika usukani na kuilinda boti isiache mwelekeo. Nawaunga mkono kabisa. Kwenye boti inayoburuta chambo kwa noti 7 au 8 siku nzima ikisaka nduwaro na jodari, kumwondolea nahodha kazi ya kupigana na gurudumu ni kumrudishia macho yake, ayapeleke kwenye mishipi, kwenye ndege wa baharini na kwenye vyombo vya wenzake. Ninachokipinga ni namna kifaa chenyewe kinavyonunuliwa.

Mara nyingi mambo huanzia kwenye picha. Mwenye boti kaona kioo kinang'aa, kina ramani na rangi, basi humpigia fundi simu: "Fundi, nataka ile yenye skrini kubwa, kama ya yule jamaa wa Nungwi." Fundi anayeijua kazi yake humjibu kwa upole: "Sawa, bosi. Ila twende kwanza shetrini tukaisome silinda." Bosi asikasirike. Ameokolewa dola elfu kadhaa kwa sentensi moja, kwa kuwa seti kamili ya otopailoti ya usukani wa haidroliki, kwa bei za Marekani na Ulaya, huanzia karibu dola 2,000 na kupita 5,000 bila shida, kabla ya kusafirishwa, ushuru na ufundi.

Boti zenye mashine kubwa za kupachika, tuseme za farasi 150 kwenda juu, kwa kawaida hazigeuzwi tena kwa waya wa kuvuta. Nyuma ya gurudumu la usukani kuna pampu ndogo iliyojaa mafuta. Ukizungusha gurudumu, pampu husukuma mafuta kupitia mpira mmoja hadi kwenye silinda iliyofungwa kwenye mashine. Fimbo ya silinda husogea, mashine hugeuka, na mafuta ya upande wa pili hurudi juu kwa mpira mwingine. Boti yenye injini ya ndani hufuata njia ileile, ila fimbo yake husukuma mkono wa msukani ulio majini.

Otopailoti haigusi gurudumu. Inachofanya ni kuongeza pampu ya pili, ya umeme, inayoungwa kwenye mipira ileile miwili, pamoja na mpira mwembamba wa tatu unaokwenda kwenye tangi la mafuta la usukani. Mota ikizunguka huku, mafuta yanakwenda kushoto; ikizunguka kule, yanakwenda kulia. Dira ya kielektroniki inaieleza kompyuta omo imeelekea wapi, kompyuta inaamua pampu izunguke upande gani na kwa muda gani. Skrini ni mahali pa kutolea amri tu. Anayegeuza boti ni pampu ile, na pampu haichaguliwi kwa urefu wa boti wala kwa nguvu ya mashine, ingawa wauzaji wengi huanza kwa kuuliza hayo mawili. Huchaguliwa kwa ujazo wa silinda.

Ujazo huo mafundi wanautaja kwa CC, kama wanavyotaja pikipiki. Ni kiasi cha mafuta kinachohitajika kuisukuma fimbo kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Kampuni ya Uflex ya Italia humrahisishia fundi kwa kuandika ujazo ndani ya jina la silinda: UC128 ni CC 128. Lakini kwenye boti zetu kibandiko kwa kawaida kimeshaliwa na chumvi. Basi panda kwenye usukani, tafuta namba ya pampu iliyo nyuma ya gurudumu, uone inasukuma CC ngapi kwa mzunguko mmoja, kisha zungusha kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu. Pampu ya CC 28 iliyochukua mizunguko 5 inakuambia silinda ina takriban CC 140. Kama na hiyo haisomeki, toa rula. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 40, fimbo ya milimita 20 iliyotokeza pande zote mbili, na mwendo wa milimita 200, ina kama CC 188.

Tuibebe hiyo ya CC 188 hadi dukani. Boti nyepesi inayopanda juu ya maji inahitaji usukani uweze kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ndani ya sekunde 10 hadi 15 hivi. Kampuni ya Simrad ina pampu iitwayo RPU80, inayosukuma karibu CC 800 kwa dakika. Kwa silinda yetu itachukua sekunde 14. Kubwa yake, RPU160, husukuma karibu CC 1,600 na ingemaliza kwa sekunde 7. Mwenye pesa huvutwa na ile kubwa akiamini amenunua ziada ya nguvu. Mimi kwa boti hii ningechukua ndogo. Pampu inayokimbia kuliko silinda hupitiliza kila inaporekebisha: inageuza mno kulia, inashtuka, inageuza mno kushoto, na boti inaacha nyuma yake mstari wa nyoka huku betri ikiliwa. Ila boti ikiwa na silinda mbili, moja kwa kila mashine, ujazo wake hujumlishwa kuwa CC 376, na hapo RPU160 ndiyo inayostahili. Mashine mbili zilizofungwa pamoja kwa fimbo na kusukumwa na silinda moja huhesabiwa silinda moja. Na kama silinda ni ya kizamani, yenye fimbo iliyotokeza upande mmoja tu, lazima muuzaji aambiwe mapema, kwa sababu inameza mafuta mengi zaidi ikienda upande huu kuliko ule, na si kila pampu inastahimili hilo.

Hesabu hizi hazichukui nusu saa. Nazikazania kwa kuwa ndizo zinazorukwa, na zikirukwa hakuna kitufe cha kuzirekebisha baadaye.

Kabla pesa haijatoka, usukani uliopo nao upimwe afya. Peleka gurudumu hadi mwisho, kisha kaza kidogo. Likiendelea kuteleza kwa wepesi, mafuta yanapenya mahali. Likibonyea kama sifongo kabla ya mashine kuanza kusogea, kuna hewa ndani. Pitisha kidole kwenye fimbo ya silinda: ikiwa ina vijitundu vya kutu, raba za kuzuia mafuta zimeshachanika au zinakaribia. Hakikisha pia pampu ya usukani ina vali ya kufunga mafuta yasirudi. Isipokuwepo, pampu ya umeme itazungusha gurudumu mbele ya nahodha na mashine itabaki imetulia. Otopailoti ikifungwa juu ya usukani mgonjwa, lawama zote huiangukia otopailoti.

Ugonjwa mkubwa ni hewa. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea, kwa hiyo kila amri ndogo ya kompyuta inaishia kuminya viputo. Kuitoa ni kazi ya watu wawili, na inapendeza kuitazama ikifanywa na wanaoiweza. Mmoja yuko juu, chupa ya mafuta mapya imepinduliwa kwenye tundu la kujazia, mikono yote kwenye gurudumu. Mwingine kachuchumaa shetrini na spana, amevalisha chuchu ya silinda kimpira kinachoonyesha ndani, ncha yake imezama kwenye chupa nyingine. "Kushoto. Pole pole. Usiache." Kwanza hutoka povu, halafu viputo vikubwa vinavyofuatana, halafu vidogo kama ufuta, halafu mafuta matupu, yametulia, hayana hata chembe. Hapo tu ndipo chuchu inapokazwa, kisha wanahamia upande wa pili. Pampu ya umeme nayo hupewa zamu yake, inaamriwa kwenda kushoto na kulia kwa vipindi vifupi mpaka mlio wake uwe mmoja. Mafuta yaliyotoka na povu hayarudishwi siku hiyohiyo. Na mafuta ya breki yasikaribie kabisa; yapo kila duka la vipuri, yanaonekana kufaa, na yanaharibu raba za usukani. Tumia yale yaliyotajwa na mtengenezaji wa usukani.

Sasa tuje kwenye akili ya kifaa. Mwaka 1922 mhandisi mzaliwa wa Urusi, Nicolas Minorsky, aliyekuwa Marekani, alichapisha utafiti kuhusu vyombo vinavyojiongoza. Msingi wake ulikuwa kuwatazama washika usukani. Aliona kwamba mshika usukani hodari haangalii tu omo imepotea kiasi gani. Anaangalia pia inapotea kwa kasi gani, na kuanza kuizuia kabla haijafika mbali. Na anakumbuka kwamba tangu asubuhi boti imekuwa ikivutiwa upande mmoja, basi anaweka usukani kidogo upande wa pili. Minorsky aligeuza tabia hizo tatu kuwa hesabu, na mwaka 1923 mfumo wake ukajaribiwa kwenye manowari ya Marekani, USS New Mexico. Mabaharia hawakuupenda na jeshi halikuendelea nao, lakini hesabu zile ndizo zinazozunguka hadi leo ndani ya visanduku vya Garmin, Raymarine, Simrad na Furuno. Kila ninapoona menyu ya kurekebisha otopailoti namwona nahodha wa kale humo: namba moja ni ya ukali wa kujibu, nyingine ni ya kuzuia mapema, nyingine ni ya kumbukumbu ya mkondo na upepo.

Kati ya kampuni hizo sioni sababu ya kugombana. Zote zinatengeneza vifaa vizuri. Kama boti tayari ina skrini ya kampuni moja, chukua otopailoti ya kampuni hiyohiyo, maana taarifa za dira na GPS hupita baina ya kampuni kwa urahisi, lakini kuiamuru otopailoti kutoka kwenye skrini ya kampuni nyingine mara nyingi hugoma. Kisha uliza nani Mombasa, Dar es Salaam au Unguja anaweza kuifungua ikiharibika. Hilo kwangu lina uzito kuliko chochote kilichoandikwa kwenye boksi.

Dira yake itafutiwe mahali pazuri: chini, karibu na katikati ya boti ambako myumbo ni mdogo, mbali na chuma, nyaya nene za betri na mota. Boti za wageni zina adui mwingine, spika za muziki, zenye sumaku kubwa nyuma yake. Malalamiko mengi ya otopailoti "iliyochanganyikiwa" yangeisha kama dira ingesogezwa mita moja kutoka kwenye spika, au kama mtu angeacha kuweka boksi la spana juu yake. Pampu nayo ipewe nyaya nene na fyuzi yake. Ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na waya mwembamba huifanya kompyuta izime katikati ya safari. Kipimo cha pembe ya usukani, kifaa kidogo kinachoieleza kompyuta mashine imegeuka kiasi gani, siku hizi kinaweza kuachwa kwa boti za mashine za kupachika, kwa kuwa kompyuta hukadiria yenyewe. Kwa boti nzito ya injini ya ndani yenye msukani, kinunuliwe.

Turudi kwenye mkondo. Amri ya kwanza ya otopailoti ni kushika mwelekeo wa dira, na hapo wengi hudanganyika. Tuseme mbele yako kuna maili 30 za baharini, mwendo noti 15, na mkondo wa noti 2 unakuja ubavuni. Otopailoti itashika dira kwa uaminifu kwa saa 2, omo haitapotea hata kidogo, na utatokea maili 4 kaskazini mwa ulikokusudia. Kwa pwani yenye miamba hiyo ni tofauti ya mlango na mwamba. Maji ya pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, na huongeza kasi wakati wa kusi, kwa hiyo hili halina msimu wa kusahauliwa. Nahodha angeilaza omo kusini karibu nyuzi 8. Otopailoti iliyounganishwa na GPS na kuamriwa ifuate njia, badala ya dira peke yake, inafanya hivyo yenyewe. Ukinunua, hakikisha amri hiyo imo na imeunganishwa, kwa maana kwa safari za Pemba na Mafia ndiyo yenye faida hasa.

Lakini nayo ina mtego wake. Tarehe 10 Juni 1995 meli ya watalii Royal Majesty, ikitoka Bermuda kwenda Boston, ilipanda kwenye mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket. Waya wa antena ya GPS ulikuwa umechomoka muda mfupi baada ya kuondoka. Kifaa kikaanza kukisia mahali meli ilipo kwa mwendo na dira tu, otopailoti ikafuata makisio hayo kwa zaidi ya saa 30, na kwenye kioo kila kitu kilionekana sawa. Meli ilikuwa maili 17 nje ya njia. Maofisa wake walikuwa macho muda wote. Walichokuwa wakikiangalia ni kioo. Kwenye boti ndogo dawa ni nyepesi: kila baada ya muda linganisha na kitu kisichotumia waya uleule, kama kina cha maji, kisiwa unachokitambua, au simu yenye GPS yake mwenyewe.

Jambo linalonishughulisha zaidi ya yote ni ngalawa. Otopailoti haioni. Haijui kwamba mbele kuna mtu na mwanawe wamekaa kwenye chombo cha mbao, hawana taa ila tochi wanayoiwasha wakisikia mashine. Rada nayo huziona mbao kwa udhaifu, na ndani ya mawimbi hupotea. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ndio wavuvi wa dagaa wanaotoka kwa wingi na taa zao, hao utawaona. Vidau vinavyokuja na kutoka pembeni mwao hutaviona. Kanuni ya 5 ya sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, inakitaka kila chombo kiwe na mwangalizi wakati wote, kwa macho na kwa masikio, na haimpunguzii mwenye otopailoti hata chembe. Kwa maji yetu ningeongeza masharti yangu: usiku punguza mwendo, na mtu asimame mbele asiye na kazi nyingine. Mwenye boti asiyeweza kulipa mtu huyo asinunue otopailoti kwa ajili ya safari za usiku.

Kadhalika zipo saa za kuizima. Kusi likivuma na boti inatoka Dar es Salaam kwenda Unguja, mawimbi yanakuja kwa nyuma, yanainyanyua shetri na kuisukuma pembeni. Nahodha analisikia wimbi miguuni kabla halijamaliza kuinua. Kompyuta inasubiri omo ipotee ndipo ijibu, na kwa boti nyepesi kuchelewa huko kunaweza kuigeuza ubavu. Shika mwenyewe. Shika mwenyewe pia kwenye mlango wa Kinasi unapoingia Chole, kule Mafia, na popote maji yanapopita kwa nguvu kati ya miamba. Kwa wavuvi, samaki mkubwa akiuma, usukani unatakiwa mkononi saa hiyohiyo. Garmin wana kifaa wanachokiita Shadow Drive, kinachoiachisha otopailoti mara tu gurudumu linapozungushwa na mtu. Kwa boti ya kuvua nduwaro ningekilipia. Kwa nyingine, kitufe cha kuachisha kiwe mahali mkono unapofika bila macho, na kila baharia akijue, mpishi pamoja nao.

Na anayesafiri peke yake avae kamba ya kuzimia mashine, kila safari. Bila otopailoti, boti iliyomwangusha mtu huenda ikazunguka na kurudi. Ikiwa na otopailoti inaendelea moja kwa moja, kwa mwendo uleule, kuelekea ilikoamriwa.

Baada ya kufungwa, malipo ya mwisho yasubiri jaribio la baharini. Siku ya maji kutulia, boti izungushwe duara pole pole mara kadhaa ili dira ijifunze chuma kilichomo ndani. Kisha ishikishwe mwelekeo kwa mwendo wa kuburuta chambo, kisha kwa mwendo wa safari. Iamriwe kugeuka nyuzi 10, halafu 40, uone kama inafika na kutulia au inapitiliza. Tazama mstari wa povu nyuma, kisha geuka uwe na mkondo ubavuni, uiamuru ifuate njia ya GPS. Mwisho iachishe ghafla katikati ya kugeuka, usukani urudi mkononi bila kukwama. Kila kitu kikikubali, mlipe fundi salio lake, umwombe aandike kwa kalamu isiyofutika ujazo wa silinda, namba ya pampu, aina ya mafuta na tarehe ya kutoa hewa, na maandishi hayo yabandikwe ndani ya mlango wa kabati la usukani. Atakayefungua mipira hiyo miaka mitatu baadaye huenda akawa fundi mwingine, katika bandari nyingine.